Tume Ilisikiliza, Bunge Likaikalia Ripoti

Februari 11, 2003, wiki chache baada ya Mwai Kibaki kuingia Ikulu, serikali yake ilifungua vyumba vya chini vya jumba la Nyayo, katikati ya Nairobi, na wananchi wakajionea mambo ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakinong'onwa tu. Katika vyumba hivyo vya giza, enzi za Daniel arap Moi, makachero waliwatesa watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, vuguvugu la siri lililompinga: wakawapiga, wakawanyima chakula, wakawaacha wamesimama ndani ya maji. Ghorofani, ofisi za serikali ziliendelea kuhudumia wananchi kama kawaida.

Siku hizo ilionekana kwamba nchi iko tayari kuukabili ukweli wake. Aprili mwaka huohuo, Waziri wa Haki, Kiraitu Murungi, aliteua jopo chini ya Profesa Makau Mutua lizunguke nchini kuwauliza Wakenya kama wanataka tume ya kuchunguza dhuluma za dola. Jibu lilikuwa ndiyo, na jopo likapendekeza tume iundwe kabla ya Juni 2004. Juni ilifika ikapita. Baadhi ya vigogo wa utawala wa zamani walikuwa wamehamia upande wa washindi, na hamu ya kufukua yaliyopita ikapoa.

Ilibidi damu imwagike ndipo suala hilo lirudi mezani. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao. Februari 28, 2008, chini ya upatanishi wa Kofi Annan, Kibaki na mpinzani wake, Raila Odinga, walitia saini mkataba wa kugawana madaraka. Katika mazungumzo hayo ilikubaliwa kuwa vidonda vya zamani, hasa vya ardhi na kutengwa kwa baadhi ya maeneo, ndivyo vilivyolisha ghasia zile. Bunge likapitisha sheria ya kuunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, TJRC. Ilitakiwa kuchunguza mambo yaliyotendeka kati ya Desemba 12, 1963 na Februari 28, 2008: mauaji ya kisiasa, mateso, unyakuzi wa ardhi, uporaji wa mali ya umma. Kwa maneno mengine, kila serikali tangu uhuru iliwekwa kizimbani.

Makamishna waliapishwa Agosti 2009, na matatizo yakaanza papo hapo. Mwenyekiti, Balozi Bethuel Kiplagat, alikuwa katibu mkuu wa wizara enzi za Moi. Alikuwa amehudhuria kikao cha maafisa wa usalama mjini Wajir siku mbili kabla ya mauaji ya Wagalla ya mwaka 1984, moja ya matukio ambayo tume yake ilipaswa kuyachunguza. Alikana kuhusika, lakini waathiriwa na mashirika ya haki walimtaka aondoke. Naibu wake, Betty Murungi, alijiuzulu mwaka 2010. Mwishoni mwa mwaka huo Kiplagat alikaa kando, Tecla Namachanja akashika usukani kama kaimu, kisha mwaka 2012 mwenyekiti akarejea. Muda mwingi ulipotelea katika mvutano huo.

Hata hivyo, watu walijitokeza. Tume ilipokea taarifa zaidi ya 40,000, karibu maradufu ya zile zilizokusanywa na tume ya Afrika Kusini chini ya Askofu Desmond Tutu. Vikao vya hadhara vilianzia Garissa mnamo Aprili 2011, katika eneo lililotawaliwa kwa hali ya hatari kwa miongo kadhaa, na wanawake walitengewa vikao vyao ili waseme yale wasiyoweza kuyatamka mbele ya wanaume.

Kutoka Wajir zilikuja habari za Wagalla. Februari 10, 1984, askari waliwakamata wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawavua nguo na kuwalaza juani kwa siku kadhaa bila maji. Wengi waliuawa hapo. Serikali ilidai waliokufa ni 57. Tume ilikadiria kuwa walikaribia 1,000.

Mei 21, 2013, ripoti ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta. Kabla ya hapo kulikuwa na vuta nikuvute kuhusu sura ya ardhi, na hasa aya zilizomtaja baba yake, Mzee Jomo Kenyatta, pamoja na ardhi ya Pwani. Makamishna watatu wa kigeni, Gertrude Chawatama, Berhanu Dinka na Ronald Slye, walikataa kuitia saini sura hiyo wakisema imebadilishwa kwa shinikizo kutoka Ikulu.

Sheria ya awali ilisema utekelezaji uanze ndani ya miezi sita tangu ripoti kuchapishwa. Desemba 2013 wabunge waliibadili, ikawa sharti ripoti ijadiliwe kwanza na wao. Orodha ya waliotajwa ilikuwa na wanasiasa, jamaa zao na wafadhili wao. Kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere, na zaidi ya miaka 10 baadaye Bunge lilikuwa bado halijaipitisha.

Machi 26, 2015, Uhuru aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali yake na zote zilizotangulia, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Radhi ilisikika, fedha waathiriwa hawakuziona. Manusura wa Nyayo walioshinda fidia mahakamani waliipata kwa kesi walizofungua wenyewe, na miongoni mwa waliotoa ushahidi mbele ya tume wapo waliofariki wakisubiri.

Kwa hiyo Kenya haiwezi kudai kwamba haijui kilichotendeka. Mashahidi walisema, makarani wakaandika, ripoti ikachapishwa. Kilichokosekana ni chombo cha kutekeleza kisichodhibitiwa na wale wanaochunguzwa, na nchi yoyote jirani inayofikiria tume kama hii ingefaa ianzie hapo. Kwa Mkenya anayesoma haya, hatua ya kwanza ni ndogo: mgombea atakapokuja kuomba kura, mwulize kama ameisoma ripoti ya TJRC, na atafanya nini ili Bunge liipitishe.