Kinyago kilipata heshima, aliyekivaa akaikosa

Ndugu msomaji, leo twende Roma ya kale. Vita na makaisari tuwaachie wengine, sisi tutazame maneno ya Kilatini yaliyotumika kwenye vichekesho. Ukiyaweka pamoja utaona jinsi jamii ilivyopenda kuchekeshwa huku ikimdharau mchekeshaji.

Tuanze na ludus. Maana yake ni mchezo, na pia lilitumika kwa shule! Wingi wake, ludi, zilikuwa sikukuu za umma za kuadhimisha miungu. Katika sikukuu hizo, mwaka 240 KK, Livius Andronicus aliwaonyesha Warumi tamthilia kwa Kilatini, akifuata mtindo wa Wagiriki.

Baadaye wakaja Plautus na Terentius. Vichekesho vyao viliitwa palliata, kutokana na pallium, joho la Kigiriki. Wahusika wanaongea Kilatini lakini mara nyingi wanaishi Athens! Yumo mzee bahili, mwanajeshi mwenye majigambo, na parasitus, neno la Kigiriki lenye maana ya aliye kando ya chakula. Sisi tungemwita mdoezi. Lakini nyota wa mchezo ni servus, mtumwa mjanja anayemzunguka bwana wake.

Kwa nini joho la Kigiriki? Donatus, mwalimu wa karne ya 4, anatupa fununu. Anasema katika palliata mtumwa aliweza kuonyeshwa ana akili kuliko bwana wake, lakini katika togata, vichekesho vya mavazi ya Kirumi, jambo hilo kwa kawaida halikuruhusiwa. Mambo hayo!

Na waigizaji je? Kundi lao liliitwa grex, neno lile lile la kundi la mbuzi au kondoo. Wengi wao walikuwa watumwa au watumwa walioachwa huru. Terentius mwenyewe, kwa maelezo ya Suetonius, alizaliwa Carthage, Afrika Kaskazini, akafika Roma akiwa mtumwa.

Hata aliyekuwa huru, akipanda jukwaani kwa malipo alipata infamia. Fama ni sifa njema. Infamia ni kuvuliwa sifa hiyo kisheria. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kumsemea mwenzake mahakamani.

Mfano ni Decimus Laberius, mtunzi wa vichekesho na mtu wa tabaka la equites, lililo chini ya maseneta. Mwaka 46 KK, akiwa na umri wa miaka kama 60, Julius Caesar alimtaka aigize mwenyewe jukwaani, ashindane na Publilius Syrus, aliyewahi kuwa mtumwa. Ombi la mtawala ni amri, mzee akapanda. Ushindi ukaenda kwa Publilius. Caesar akampa Laberius sesterce 500,000 na pete ya dhahabu ya kumrudishia hadhi yake. Lakini alipokwenda kuketi na wenzake, inasimuliwa kwamba walijibanabana asipate nafasi! Pete ilirudi, heshima haikurudi.

Sasa tazama neno persona. Mwanzoni lilikuwa kinyago anachovaa mwigizaji usoni. Likawa mhusika katika mchezo, kisha nafasi ya mtu katika jamii. Katika karne ya 2 mwanasheria Gaius aliigawa sheria katika mambo matatu: watu, mali na mashtaka. Hao watu aliwaita personae. Hadi leo neno la Waingereza na la Wafaransa la kumtaja mtu linatokana na kinyago hicho.

Kwa hiyo kinyago kiliingia kwenye vitabu vya sheria kikawa mtu, na mtu aliyekivaa akatupwa nje ya mlango wa mahakama.

Sisi nasi tunawaita majina gani wanaotuchekesha? Na wakishamaliza kutuchekesha, tunawapisha kiti? Tafakari, ndugu yangu.