Namba Tatu za Mashine

Leo nitawasimulia historia ya namba tatu ndogo ambazo kompyuta huziandika juu ya kazi yake yenyewe, na jinsi watu walivyojifunza kuzisoma wakiwa mbali. Chukueni kalamu, maana ziko hesabu mbili tatu za kufanya pamoja.

Kwanza tuelewane juu ya neno seva. Seva ni kompyuta isiyokaa mezani kwa mtu. Hukaa katika chumba chake, pengine katika mji mwingine, ikiwatumikia watu wengi kwa wakati mmoja. Huyu anatuma fedha kwa simu, yule anatafuta matokeo ya mtihani wa mwanawe, na muuguzi anafungua jalada la mgonjwa aliyelala mbele yake. Seva ikizidiwa, wote hawa husimama, nao hawajui sababu. Waonacho ni kioo kisichojibu. Anayepaswa kujua ni yule aliyepewa kazi ya kuitunza, na afadhali ajue kabla yao. Lakini atajuaje? Mashine haikohoi wala haitoi jasho.

Ndani ya kila kompyuta mna programu kuu iitwayo mfumo wa uendeshaji. Hiyo ndiyo inayogawa zamu za prosesa, yaani chombo kinachofanya hesabu, na ndiyo inayotoa nafasi katika kumbukumbu na kupeleka vitu kwenye diski. Kwa kuwa kila jambo hupita mkononi mwake, mfumo huo ndio uwezao kuhesabu. Kazi ya mtunzaji ni kuuliza.

Basi turudi mwaka 1973, nchini Marekani. Zama hizo kompyuta ilikuwa kubwa kama makabati, na watu wengi waliitumia moja kwa kupokezana. Katika mtandao wa ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti, zilikuwako kompyuta za aina ya PDP-10 zilizotumia mfumo wa uendeshaji uitwao TENEX, uliotengenezwa na kampuni ya Bolt Beranek and Newman. Mwezi Agosti mwaka huo ulitolewa waraka nambari 546 katika mfululizo wa nyaraka za mtandao huo, ziitwazo RFC. Waraka ulikuwa na vipimo vya mzigo wa kompyuta za TENEX kwa mwezi wa Julai, na grafu yake ilichorwa kwa mkono.

Mzigo huo ulikuwa nini? Fikirini kibanda cha kinyozi mmoja. Ukichungulia ukakuta mtu mmoja yuko kitini na tisa wamekaa kwenye benchi wakingoja, mzigo wa kibanda ni 10. Waraka ule wa 1973 ulieleza vivyo hivyo: wastani wa saa nzima ukiwa 10, na prosesa ni moja, basi wakati wowote katika saa hiyo ungetazamia kukuta kazi moja inafanywa na nyingine tisa ziko tayari, zinangoja zamu. Mtajua mara moja kwamba mzigo wa 10 haumaanishi lolote mpaka tujue vinyozi ni wangapi. Wakiwa kumi, hakuna aketiye kwenye benchi.

Kipimo hicho kilihamia kwenye mfumo wa Unix, na kutoka huko kikaingia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, na ambao leo huendesha seva nyingi sana duniani. Huandikwa kwa namba tatu: wastani wa dakika 1, wa dakika 5, na wa dakika 15. Ukiona 9, 4, 1, jua watu ndio kwanza wanaingia kibandani. Ukiona 1, 4, 9, umechelewa. Msongamano umekwisha pita. (Wajuzi wa hesabu watasema kwamba huu si wastani wa kawaida, maana mambo ya zamani hayakatwi ghafula dakika ikiisha, ila hufifia polepole. Wamesema kweli, nasi tusikae hapo.)

Sasa twafika mahali penye mtego. Mwezi Oktoba 1993 mmoja wa waandishi wa Linux aliona jambo lililomkera. Kompyuta ikipungukiwa na kumbukumbu, huazima nafasi kwenye diski. Ukiiwekea diski ya polepole zaidi, kazi zote hukawia; lakini namba ya mzigo ilikuwa ikishuka! Sababu yake ni kwamba kazi inayongoja diski haikuhesabiwa, kwa kuwa haikuwa kwenye foleni ya prosesa. Akapendekeza kwamba kazi zilizolala usingizi usioweza kukatizwa, zikingoja diski, nazo zihesabiwe. Pendekezo likakubaliwa. Tangu hapo namba tatu za Linux hazipimi tena foleni ya prosesa peke yake. Ni kama kuwahesabu watu walio kwenye benchi la kinyozi pamoja na wale waliosimama nje wakingoja maji ya moto, kisha kuandika jumla moja.

Jina la kipimo halikubadilika, wala sura yake. Na sababu ya badiliko lile ilisahauliwa kiasi kwamba mwaka 2017 Brendan Gregg, mtaalamu mashuhuri wa mambo haya, alilazimika kufukua barua za zamani za waandishi wa Linux ili aipate. Miaka 24! Mimi sishangai sana. Nimepata kuona ofisi moja, jina silitaji, ambayo namba ya mzigo ilipanda, wakubwa wakakaa kikao, na fedha za mwaka zikaenda kununua mashine yenye prosesa nyingi zaidi. Diski ile ile ya zamani ikahamishiwa humo. Watu mlangoni waliendelea kungoja kama jana, na fungu la fedha lilikuwa limekwisha.

Haya, hiyo ni habari ya namba. Sasa tuzungumze habari ya kuitoa nje ya mashine.

Kipimo kilichomo ndani ya kompyuta kina kasoro kubwa: mashine ikifa, hufa na siri yake. Tena mtunzaji mwenye seva 200 hawezi kuingia katika kila moja na kuuliza hali. Mwaka 1988 ilitolewa itifaki iitwayo SNMP, yaani kanuni za mazungumzo ambazo kwazo kompyuta moja huweza kuuliza nyingine vipimo vyake kwa mbali. Mwanzoni maswali yalikuwa zaidi ya mtandao. Mwaka 1993 ikaongezwa orodha ya mambo ya kompyuta yenyewe: kumbukumbu, diski, prosesa, na programu zinazoendeshwa humo.

Mwaka 1994 Tobias Oetiker alikuwa akifanya kazi katika De Montfort University, Uingereza. Chuo kizima kilitoka nje kwa njia moja ya biti 64,000 kwa sekunde, na kila mtu alitaka kujua njia hiyo imejaa kiasi gani. Oetiker akaandika programu ndogo ya kuuliza mita ya njia hiyo kila dakika 5 na kuchora grafu ambayo mtu yeyote aliweza kuitazama. Aliitoa kwa watu wote mwaka 1995 kwa jina la MRTG. Ilienea upesi mno, kwa sababu ilikuwa bure na kwa sababu grafu humwonyesha hata mkubwa asiyejua kompyuta kwamba njia imejaa.

Hapa yafaa tufahamu mita ni nini. Mita ya umeme ya kizamani nyumbani haikuambii unatumia umeme kiasi gani sasa hivi. Inaongeza tu. Msomaji wa mita hutoa hesabu ya mwezi uliopita katika ya mwezi huu, akapata matumizi. Vipimo vingi vya kompyuta ni vya namna hiyo. Katika Linux liko faili /proc/stat, ambalo kwa kweli halimo kwenye diski. Mfumo huliandika papo hapo ukilifungua. Humo mna muda ambao prosesa imepumzika tangu mashine iwashwe, kwa sehemu za mia za sekunde. Soma mara mbili kwa kuacha sekunde 60. Ikiwa prosesa ni moja na tofauti ni 1,500, basi imepumzika sekunde 15, yaani robo, na imefanya kazi robo tatu. Mimi huipenda mita kuliko namba ya papo hapo. Shughuli ya sekunde mbili ikitokea kati ya usomaji mmoja na mwingine, namba ya papo hapo huikosa, lakini mita imekwisha iandika.

Hata hivyo mita nayo huzunguka ikarudi sifuri. Mita za kwanza za SNMP zilikuwa za biti 32, ambazo hufika 4,294,967,295 kisha huanza upya. Kwa njia ya biti milioni 10 kwa sekunde, mita ya baiti ilichukua dakika 57 hivi kuzunguka ikiwa njia imejaa, na msomaji wa kila dakika 5 hakuwa na shida. Zikaja njia za biti bilioni 1. Pigeni hesabu: mita huzunguka kila sekunde 34! Katika dakika 5 imezunguka mara nane na zaidi, na grafu inaonyesha njia iliyo karibu tupu wakati watu wanasongamana. Kwa ajili ya njia za kasi namna hiyo ziliwekwa mita za biti 64.

Oetiker alitoa pia RRDtool mwaka 1999, ghala la vipimo lisilokua kamwe. Vipimo vya jana huhifadhiwa kimoja kimoja. Vya mwaka jana hufupishwa kuwa wastani. Nafasi iliokoka, lakini kilele cha dakika tano kilipotea ndani ya wastani wa siku, na mtu aliyetaka kujua kilichotokea usiku ule wa mwaka jana hakukipata.

Nakuja sasa mwaka 2012, mjini Berlin, katika kampuni ya muziki iitwayo SoundCloud. Matt Proud na Julius Volz walikuwa wametoka Google, ambako kilikuwapo chombo cha ndani cha kupimia seva, jina lake Borgmon. Wakaanza kuunda chombo cha namna hiyo, wakakiita Prometheus, nacho kikatangazwa kwa watu wote mwaka 2015. Katika kila seva ya Linux huwekwa programu ndogo, node exporter, inayosoma mafaili ya /proc na kuyaandika upya katika ukurasa wa maandishi ya kawaida. Prometheus huja kubisha hodi, mara nyingi kila sekunde 15 au kila dakika, ikausoma ukurasa na kuandika saa yake.

Kubisha hodi huko kuna faida ambayo wengi hawaioni. Seva ikiwa ndiyo inayotuma vipimo, siku iliponyamaza utajiuliza kama imekufa au haina la kusema. Prometheus ikibisha isijibiwe, huandika sifuri mbele ya jina la seva hiyo, na sifuri hiyo huweza kumwamsha mtunzaji saa nane ya usiku.

Na zile namba tatu? Mwezi Desemba 2018 Linux toleo la 4.20 lilitoka na mafaili mapya chini ya /proc/pressure, yaliyotokana na kazi ya wahandisi wa Facebook. Wakati huo yalikuwa matatu: la prosesa, la kumbukumbu, na la diski na vyombo vingine vya kupitishia data. Kila moja hueleza kwa asilimia muda ambao kazi zilikwama kwa kukosa kitu hicho, kwa sekunde 10, 60 na 300 zilizopita. Benchi la kinyozi limetenganishwa na foleni ya maji ya moto. Namba za zamani hazikuondolewa. Bado ndizo za kwanza ambazo mtu huonyeshwa.

Swali kwa vikundi vya wasikilizaji. Seva ya hospitali ina prosesa 4. Namba zake ni 11.80, 12.10, na 11.95. Kwa sekunde 60, mita ya kupumzika ya prosesa zote pamoja, ukijumlisha na muda wa kungoja diski, imeongezeka kwa 20,000. Mhasibu amekwisha andika hati ya kununua prosesa nyingine, na anangoja sahihi ya kikundi chenu. Semeni kama mtatia sahihi, na mwonyeshe hesabu. Tutayasoma majibu juma lijalo, saa hizi hizi. Kwaherini.