Kujigongea Muhuri

Richard Stallman aliandika GDB mwaka 1986. Haina vitufe vya kubofya. Unaiandikia amri, nayo inasimamisha programu nyingine katikati ya kazi, ikuonyeshe kilicho kwenye kumbukumbu yake na mahali ilipokwama. Fundi anaipenda nguvu hiyo. Shida ni kwamba hata mwizi anaitaka, maana kwenye kumbukumbu ndimo nywila hupita.

Ndiyo maana Apple ilianza kubana. Mac OS X 10.5, ya mwaka 2007, ilileta sahihi za kidijitali za programu, na baadaye GDB isiyo na sahihi ikawa inafungiwa mlango.

Dawa ya mafundi hunichekesha hadi leo. Unafungua Keychain Access, unajitengenezea cheti, unaiambia Mac ikiamini, kisha unaigongea GDB muhuri. Yaani unajiandikia barua ya utambulisho, unaisaini mwenyewe, na askari wa getini anakufungulia! Lakini njiani lazima utoe nywila ya msimamizi. Kwa hivyo swali la geti lilikuwa moja tu: mashine hii ni yako?

Mwaka 2015, El Capitan ilibadilisha swali. Kwa ulinzi mpya, System Integrity Protection, hata msimamizi mkuu hawezi kuchungulia programu za Apple zenyewe, mpaka awashe mashine upya katika hali ya ukarabati na kuuzima.

Ulinzi unasaidia, sibishi. Ila mimi napima umiliki hivi: risiti ni yangu, sawa, lakini ufunguo ameshika nani?