Kennington: Uwanda wa Umma na Uwanja wa Kriketi

Historia ya mji haipatikani katika majumba ya wafalme peke yake. Wakati mwingine hupatikana katika kiwanja cha majani. Tutazame mtaa wa Kennington, kusini ya mto Thames mjini London, ulipo uwanja wa Oval, makao ya klabu ya kriketi ya jimbo la Surrey.

Zamani mtaa huo ulikuwa na uwanda wa wazi ulioitwa Kennington Common. Hapo wahubiri walihutubia umati, na hapo serikali iliwanyonga hadharani waliohukumiwa kufa. Kriketi nayo ilichezwa hapo tangu mwaka 1724.

Mwaka 1845 klabu ya Montpelier, iliyopoteza kiwanja chake cha Walworth kwa wajenzi wa nyumba, ilipata shamba la mboga karibu na uwanda huo. Ardhi ilikuwa ya milki ya mrithi wa kiti cha ufalme, na kodi ilikuwa paundi 120 kwa mwaka. Mwaka huo huo klabu ya Surrey ikaundwa. La kuzingatia ni kwamba majani ya kutandika uwanja huo mpya yalikatwa Tooting Common, uwanda mwingine wa umma.

Tarehe 10 Aprili 1848 maelfu ya wafanyakazi, waliojulikana kwa jina la Wachartisti, walikusanyika Kennington Common kudai haki ya kupiga kura. Serikali ikajaza mji askari, na polisi wakauzuia umati kuvuka mto kwenda Bungeni. Miongoni mwa viongozi wa maandamano alikuwa William Cuffay, fundi cherehani mweusi, ambaye baba yake alikuwa mtumwa kutoka kisiwa cha St Kitts. Mwaka huo huo Cuffay alikamatwa, akahukumiwa kwa ushahidi wa majasusi, akapelekwa uhamishoni Tasmania. Alifia huko mwaka 1870 katika nyumba ya mafukara. Uwanda nao ulizungushiwa uzio, na mwaka 1854 ukafunguliwa ukiwa bustani yenye sheria zake.

Oval ikazidi kutukuka. Fainali ya kwanza ya Kombe la FA ilichezwa hapo mwaka 1872, na mwaka 1880 Uingereza ikaikaribisha Australia katika mechi kubwa ya kwanza ya kimataifa ya kriketi nchini humo.

Mwaka 1948, miaka mia baada ya Cuffay kuhukumiwa, meli ya Windrush ilileta mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi. Wengi wao walikaa Brixton, jirani na Kennington. Walifanya kazi katika mabasi na hospitali, lakini wengi walinyimwa vyumba vya kupanga kwa sababu ya rangi yao.

Mwaka 1976 timu ya West Indies ilikuja kucheza. Nahodha wa Uingereza, Tony Greig, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikwisha kutamka kuwa atawafanya wageni hao wanyenyekee. Mwezi wa Agosti, pale Oval, Viv Richards alipata mikimbio 291, na Michael Holding akawatoa wagongaji 14. Watu wa Brixton walijaa wakipiga ngoma na makopo. Greig mwenyewe akatambaa kwa magoti mbele yao.

Hata hivyo, tusidanganyike kwa shangwe. Ushindi wa uwanjani haukuwapa watu wale nyumba wala kazi, na Aprili 1981 Brixton ikawaka moto kwa ghasia kati ya vijana na polisi.

Basi hili ndilo funzo. Mwenye nguvu huwa tayari kumpigia makofi mnyonge anapomfurahisha, lakini humfungia mlango anapodai haki yake. Jamii yenye insafu hupimwa kwa namna inavyomsikiliza jirani siku ile anapokuja na malalamiko, kama walivyokuja akina Cuffay.