Fedha Iliyogeuka Maji

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann alikuwa safarini kutoka Rabai, karibu na Mombasa, kuelekea Uchagani. Alikuwa mmisionari wa CMS, aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri la Württemberg, Ujerumani. Asubuhi hiyo aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Akajibiwa kuwa ni baridi. Rebmann, mtoto wa nchi ya theluji, hakuhitaji maelezo zaidi.

Wachaga walikuwa na habari kamili kuliko hiyo. Walimsimulia juu ya watu waliopanda mlimani wakidhani weupe ule ni fedha. Wengi hawakurudi. Na ile “fedha” iliyochukuliwa, ilipofika chini, ilikuwa maji matupu.

Habari ya Rebmann ilichapishwa mwaka 1849. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikataa. Hakuwa amekanyaga Uchagani, lakini aliona haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Kwake, mmisionari alikuwa amedanganywa na macho yake.

Hata hivyo, elimu ya kumjibu ilikuwapo tayari Uingereza kwenyewe. Katika miaka ya 1760, Joseph Black wa Glasgow alionyesha kuwa barafu inayoyeyuka hupokea joto jingi huku kipimajoto kikibaki palepale kwenye nyuzi 0. Joto hilo halipotei. Linatumika kuivunja barafu iwe maji. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu kunahitaji joto linaloweza kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Tena, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 tunazopanda, na theluji nyeupe hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Ndiyo maana jua kali halikuweza kuimaliza kule kileleni, bali vuguvugu la migombani liliigeuza maji. Kwa hiyo simulizi la Wachaga halikuwa hadithi ya mizimu. Lilikuwa ushahidi bora kuliko wote, kwa kuwa wao waliishika theluji ile kwa mikono yao.

Mwaka 1862, Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi kupita mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Ubishi ukakosa mashiko.

Wahubiri wengine hupenda kusema hapa kwamba imani iliishinda sayansi. Sivyo. Ubishi ulimalizwa na watu waliokwenda, wakaona na kupima. Kosa la Cooley halikuwa kupenda elimu, bali kuamua kabla ya kusikiliza. Katika Yohana 9 wenye elimu walimhoji mtu aliyezaliwa kipofu, wakamfukuza, kwa sababu jambo lililompata halikuingia katika mafundisho yao. Mtu yule hakuwa na nadharia. Alikuwa na jambo moja tu alilolijua.

Nasi wachungaji tuna akina Cooley wetu, na mara nyingine wamevaa kola. Mama mjane asiye na cheti anaposimama kwenye ibada kueleza alivyobebwa na Mungu katika msiba, tunampima kwa ufasaha wake. Tungepaswa kumwuliza kwanza ameona nini.

Jambo hili lina uzito wa pekee leo. Vipimo vinaonyesha kuwa kati ya mwaka 1912 na 2007 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ya Kilimanjaro ilitoweka. Huenda wajukuu zetu wakautazama mlima mtupu, wakaambiwa kwamba juu yake palikuwa na weupe. Watakuwa na ushuhuda wetu tu. Basi tuwafundishe mapema, nyumbani na kanisani, kumsikiliza shahidi kwa heshima, kisha kwenda kupima alichosema.