Msururu au Mnyororo? Historia Fupi ya Vichwa vya Pakiti

Mfasiri wa maandishi ya intaneti, akitaka kuvitaja vichwa vingi vinavyofuatana katika pakiti moja, hujikuta baina ya maneno mawili: msururu na mnyororo. Ili kuchagua, hatuna budi kwanza kuifahamu historia ya kitu chenyewe.

Tuchukue mfano wa barua ya mwalimu wa Usevya, mkoani Katavi, iendayo kwa Katibu Mkuu. Huandikwa "kupitia kwa" wakuu wake, na kila ofisi huongeza dokezo juu yake. Karani wa masjala aliyeamriwa kusoma ukurasa wa kwanza tu hatalijua kusudi la barua ikiwa madokezo yameujaza ukurasa huo.

Ndivyo zilivyo pakiti. Mwezi Desemba 1995 Steve Deering na Robert Hinden walitoa maelezo ya toleo la sita la itifaki ya intaneti. Kichwa cha msingi kilipewa urefu wa baiti 40, na mambo ya ziada yakawekwa katika vichwa vya nyongeza, ambavyo kila kimoja hutaja aina ya kile kinachofuata. Idadi ya baiti zake zote haikuwekewa mpaka.

Hapo ndipo yalipozuka matatizo. Mitambo mingi ya kuelekeza pakiti, kwa ajili ya kasi, husoma baiti za mwanzo tu. Vichwa vikiwa virefu, namba ya huduma iliyo nyuma yake haionekani, na kanuni za usalama hazitekelezeki. Basi mtambo huitupa pakiti, au huipeleka katika sehemu yake iliyo nzito, nayo ikaelemewa. Mwaka 2014 iliamriwa kwamba pakiti ikigawanywa, vichwa vyote viwemo katika kipande cha kwanza. Hata hivyo, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 vilionyesha kuwa pakiti zenye vichwa vya nyongeza zilikuwa bado zikitupwa njiani.

Kwa sababu hiyo twapendekeza mnyororo. Mtu wa mwisho katika msururu huonekana bila ya kuulizwa wa kwanza. Lakini pete ya mwisho ya mnyororo haifikiwi ila kwa kuzipitia zote. Afisa anayenunua mitambo, akisoma "msururu", hatatambua kwamba yampasa kuuliza mtambo husoma baiti ngapi. Akisoma "mnyororo", swali hilo litamjia lenyewe.