Kauri za Pwani Katika Nyanda za Juu

Kabla ya reli na motokaa, kauri iliyovaliwa Iringa au Mbeya ilikuwa imeletwa na wapagazi kutoka pwani, ambako wajuzi hawakuchanganya jinsi mbili zifananazo: ile yenye pete ya dhahabu mgongoni, iliyo tele katika miamba ya Unguja na Mafia, na ile ya manjano yenye manundu ubavuni, iliyosifika Maldivi.

Katika miaka ya 1840 tajiri Hertz wa Hamburg alianza kupeleka zile za pete Afrika Magharibi, zikamiminika hata thamani ya kauri sokoni ikaporomoka.

Ewe msomaji, ukiikuta kauri ya wazee iliyokatwa mgongo ipate kutungwa, na pete haipo tena, itazame ubavuni: yenye manundu ni ile ya manjano, isiyo nayo ni ile ya pete.